Mwalimu Aliyekwenda kwa Muda Mfupi Akabaki

Somo: Matendo ya Mitume 11:19–26

  

Leo nataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja wa michezo. Huenda mtu akasema, "Mchungaji, sisi tumefungua redio tusikie Neno la Mungu, nawe unatuletea habari za mbio!" Nakuomba univumilie. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho hakuona haya kutaja wapiga mbio na taji wanayoishindania. Tena kwetu sisi watu wa Bonde la Ufa, mbio si jambo la wageni. Ukitoka Nakuru alfajiri ukapita Njoro na Molo mpaka Keringet, utawaona vijana wakikimbia kando ya barabara kabla jua halijatoka, mmoja ana viatu vizuri na mwenzake ana viatu vilivyotoboka. Huko Keringet ndiko alikosoma Faith Kipyegon, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki mara tatu mfululizo, mwaka 2016, 2021 na 2024. Basi kila mzazi wa pande zile mwenye binti mwepesi wa miguu hujiuliza usiku, "Je, na wangu?" Na baada ya swali hilo huja lingine lililo zito zaidi: "Nimkabidhi nani?"

Hilo ndilo neno ninalotaka tulifikiri pamoja leo. Mtoto mwenye kipawa akabidhiwe nani? Na yule anayekabidhiwa, imempasa kuwa mtu wa namna gani?

ALIKWENDA KUFUNDISHA JIOGRAFIA

Ukipanda kutoka Nakuru mpaka Eldoret, kisha ukashika njia ya Iten, utafika mahali ambapo nchi inakatika ghafula kana kwamba imechanjwa kwa panga, na chini yako, mbali sana, unaona Bonde la Kerio. Mji wa Iten umekaa juu ya ukingo huo, kimo cha mita 2,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mgeni akipanda ngazi chache tu huhema. Zamani Iten ilikuwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa, ambao makao yake makuu yalikuwa hapa Nakuru. Siku hizi ni makao ya Kaunti ya Elgeyo-Marakwet.

Katika mji huo kuna shule ya sekondari ya wavulana iitwayo St Patrick's, iliyofunguliwa mwaka 1961. Waliofundisha pale kwa miaka mingi ni watawa wa Kikatoliki wa shirika la Mtakatifu Patriki, lililoanzishwa Ireland mwaka 1808. Mwaka 1976 alifika pale mtawa kijana, Colm O'Connell, mzaliwa wa mwaka 1948 katika jimbo la Cork. Alitumwa kufundisha jiografia. Alidhani atakaa kwa muda mfupi, kisha arudi kwao.

Sasa sikilizeni vizuri. Mtu huyu hakuwa mkimbiaji. Hakusomea mambo ya riadha. Hakuja na cheti cha ukocha, wala hakuna aliyemwita kwa kazi hiyo. Shule yenyewe ilikuwa na sifa tayari, kwa maana ndiko alikosoma Mike Boit, aliyepata medali ya shaba katika mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Aliyewafundisha vijana mbio wakati ule alikuwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyekuwa mkimbiaji maarufu. Foster alipoondoka, kazi ile ikaachwa wazi, na yule mwalimu wa jiografia akaishika.

Tena ilikuwa miaka ya ukame kwa wakimbiaji wetu. Mwaka ule ule wa 1976 Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1980 pia Kenya haikwenda Moscow. Vijana waliokuwa tayari kabisa walikaa nyumbani wakazeeka miguu. Bruda Colm, kama watu wa Iten wanavyomwita, alianza kazi wakati ambapo hapakuwa na medali ya kugombania. Alikuwa na wavulana tu, na njia ya vumbi, na jioni baada ya masomo.

Alifanyaje basi, mtu asiyejua kazi? Aliwatazama. Alisimama kando ya njia akawaangalia wavulana wanavyokimbia: huyu anavyobeba mabega, yule anavyokanyaga, mwingine anavyokaza uso anapochoka. Akawauliza maswali, nao wakamjibu. Hata baada ya kupata sifa duniani, yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba wanariadha ndio waliomfundisha. Mazoezi yake hayakuwa ya kuwapiga vijana kama punda. Aliwafanyisha mengi polepole, akiwarekebisha mwendo, akiwazuia wasijiumize kabla ya wakati. Wageni waliofika Iten kutafuta siri ya Bruda walishangaa kuona siku nyingine vijana wanakimbia polepole kiasi kwamba hata mgeni mwenyewe angeweza kufuatana nao.

MITI YA ITEN

Matunda yalianza kuonekana. Ibrahim Hussein, kijana wa St Patrick's, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka uliofuata akashinda ya Boston, huko nako Mwafrika wa kwanza, akimtangulia Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu. Akaishinda tena Boston mwaka 1991 na 1992.

Mwaka 1988 Peter Rono, mvulana mwingine wa St Patrick's, alikwenda Olimpiki ya Seoul akiwa na umri wa miaka 21. Si wengi waliomtazamia. Alishika mbele katika mita 1,500, wakubwa wote wakamfukuza, hakuna aliyempata. Mwaka 1992 huko Barcelona, Matthew Birir wa shule hiyo hiyo alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Wakenya wakachukua nafasi zote tatu za kwanza.

Halafu akaja Wilson Kipketer. Huyu aliondoka akaenda kuishi Denmark, akaichezea nchi ile, akawa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu, mwaka 1995, 1997 na 1999. Mwaka 1997 aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1 na sekunde 41.11, nayo ikakaa miaka 13.

Ndani ya kiwanja cha St Patrick's kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya vijana waliotoka pale wakawa mabingwa, kila mti na jina lake. Mgeni akifika huonyeshwa miti hiyo. Napenda sana jambo hilo. Angeweza kujengwa mnara wenye jina la mwalimu. Lakini penye kivuli cha miti ile majina ni ya wanafunzi.

Tena hakuishia kwa wavulana. Wakati ule wazee wengi walisema msichana akikimbia atakosa mume, au hatazaa. Bruda alianza kuwakusanya wasichana wakati wa likizo katika kambi za mazoezi, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Sally Barsosio, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 huko Athens mwaka 1997 akiwa bado na umri wa miaka 19. Wazee wale walinyamaza, na sasa wajukuu wao wa kike wanakimbia.

Alipoacha kufundisha darasani, yule aliyekuja kwa muda mfupi hakufunga sanduku. Alibaki katika nyumba yake ndogo pale shuleni, akaendelea na kikundi chake kidogo cha vijana. Ikapita miaka 10, ikapita 20, ikapita zaidi ya 40.

KIJANA WA KIMAASAI

Katika habari zote hizi, iliyo karibu na moyo wangu ni ya David Rudisha. Huyu ni Mmaasai wa Kilgoris, aliyezaliwa mwaka 1988. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya ya kupokezana vijiti mara nne mita 400 iliyopata medali ya fedha Mexico mwaka 1968. Kijana alipelekwa kusoma pande za Iten, katikati ya watu ambao si wa kabila lake. Bruda Colm alimwona, mrefu, mwenye hatua ndefu, aliyezoea mita 400, akamgeuza polepole kuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana.

Kisha yakaja mambo magumu. Mwaka 2008 Rudisha aliumia, akakosa Olimpiki ya Beijing. Mwaka 2009 alikwenda mashindano ya dunia Berlin, watu wote wakimtazamia, akatolewa katika nusu fainali. Kijana wa miaka 20 aliyesifiwa mno akaanguka mbele ya dunia nzima! Mnajua jinsi watu wetu wanavyosema saa kama hiyo. Wanaosifu asubuhi ndio wanaozomea jioni. Wengine humwambia kijana, "Badilisha mwalimu, huyu amezeeka."

Rudisha alirudi Iten. Wakaketi, wakatazama makosa, wakaanza tena. Mwaka uliofuata, 2010, huko Berlin kule kule alikoaibika, aliivunja rekodi ya Wilson Kipketer, na wiki moja baadaye akaivunja tena. Fikiria, ndugu msikilizaji: rekodi ya mwanafunzi mmoja wa Bruda ilivunjwa na mwanafunzi wake mwingine. Tarehe 9 Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, Rudisha alishika mbele tangu mlio wa bastola, asiwe na mtu wa kumvuta, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hapakuwa na mtu duniani aliyewahi kukimbia mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 41. Mwaka 2016 akashinda tena huko Rio.

Na mwalimu wake siku ile ya London alikuwa wapi? Hakuwa katika jukwaa la wageni wa heshima. Alikuwa Iten, akitazama televisheni.

BARNABA NA SAULI

Sasa tufungue somo letu. Kanisa la Yerusalemu lilisikia kwamba huko Antiokia watu wengi wamemwamini Bwana, likamtuma Barnaba akatazame. Luka anatuambia kwamba Barnaba alipofika akaiona neema ya Mungu alifurahi. Angalieni mpango huo. Kwanza alitazama, ndipo akafurahi, kisha akawatia moyo. Hakuingia kwa fimbo.

Halafu akafanya jambo ambalo wengi wetu tusingefanya. Kazi ya Antiokia ilikuwa kubwa, yeye ndiye mkuu wake, sifa zote zilikuwa zake. Lakini akafunga safari mpaka Tarso kumtafuta Sauli, mtu ambaye kanisa lilimwogopa na ambaye alikuwa amekaa kando muda mrefu. Akamleta, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Ukiendelea kusoma, mwanzoni Luka huandika "Barnaba na Sauli." Ukifika katikati ya sura ya 13, majina yamegeuka, sasa ni "Paulo na Barnaba." Mwanafunzi ametangulia mbele ya mwalimu, wala hatusomi mahali po pote kwamba Barnaba alilalamika juu ya hilo.

Na baadaye, Yohana Marko alipoacha safari akarudi nyumbani, Paulo alikataa kumchukua tena. Barnaba alimchukua. Kijana aliyeshindwa alipewa mbio ya pili. Miaka ikapita, na Paulo yule yule akiwa kifungoni akamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa. Kama pasingekuwa na Barnaba, huyo Marko tungemsikia wapi?

Najua Waprotestanti wenzangu wengine watauliza, "Mchungaji, mbona unatusifia mtawa wa Kikatoliki?" Ndugu zangu, someni Marko sura ya 9. Yohana alikuwa na swali kama hilo hilo, naye Bwana Yesu akamjibu. Mimi ni mchungaji wa Kianglikana na nitakufa Mwanglikana. Lakini nikiona mtu aliyeacha kwao, asiye na mke wala mtoto, akawalea watoto wetu kwa zaidi ya miaka 40, sioni haya kumtaja katika mahubiri. Naona haya kwa ajili yetu ambao watoto ni wetu wa kuzaa na bado hatuwatazami.

HATARI ILIYOPO

Maana, wapendwa, si kila anayeshika saa ya kupima muda ni mchungaji. Wako na mbwa-mwitu. Iten na Keringet na Nyahururu zimekuwa na watu wanaojiita makocha, wanaowatoa watoto shuleni kwa ahadi za Ulaya. Baba anauza ng'ombe, kijana anakaa kambini miaka mitatu, hana medali na hana cheti. Wengine wamewapa vijana sindano na vidonge, hata Bunge letu likalazimika kupitisha sheria ya kupambana na dawa hizo mwaka 2016.

Kumbukeni Samuel Wanjiru wa Nyahururu, jirani zetu hapa. Mwaka 2008 alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, akiwa na miaka 21. Mwezi wa Mei 2011 alikufa baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake, naye hajatimiza miaka 25. Sisi si mahakimu wa marehemu. Lakini najiuliza, kijana mdogo aliyepata sifa na fedha nyingi kiasi kile kwa ghafula, palikuwa na wangapi waliomtazama yeye mwenyewe, wasitazame mfuko wake?

Kumbukeni na Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015. Mwezi wa Oktoba 2021 alikutwa ameuawa nyumbani kwake, katika mji ule ule wa Iten, mumewe akashtakiwa. Alikuwa na miaka 25. Baada ya msiba ule wasichana wengi walianza kusema wazi mambo waliyokuwa wakiyaficha: jinsi mwanamume anavyoanza kwa kusema, "Mimi nitakufundisha," kisha akawa mwenye nyumba, mwenye akaunti ya benki, na mwenye mwili wa msichana. Miti ya mabingwa na kaburi la Agnes vimo katika nchi moja. Ndiyo maana nasema swali la "Nimkabidhi nani?" ni swali la uhai na mauti.

HABARI YANGU MWENYEWE

Nami sina budi kusema habari yangu, ingawa hainipendezi. Kabla sijaingia chuo cha theolojia nilifundisha miaka miwili katika shule ndogo ya kutwa, huku huku Bonde la Ufa, bila kusomea ualimu. Kwa kuwa nilikuwa kijana, nilikabidhiwa filimbi nikaambiwa, "Wewe ndiwe mwalimu wa michezo." Nami niliipiga filimbi ile kama askari.

Palikuwa na mvulana wa kidato cha pili niliyemtegemea katika mita 5,000. Siku ya mashindano, alipofika nusu ya mbio, alisimama ameshika tumbo. Nilikuwa nimejisifu kwa walimu wa shule nyingine, basi hasira ikanipanda. Mbele ya wenziwe nilimwambia kwamba unga wa shule unapotea bure kwake. Wenziwe walicheka. Muhula uliofuata hakurudi. Mimi nikasahau.

Baada ya miaka mingi, nikiwa tayari mchungaji, tulikuwa tukijenga ukumbi wa kanisa. Mmoja wa mafundi waashi alinijia saa ya chai akasema, "Mwalimu, hunikumbuki?" Nilipomtambua, nilitamani ardhi inifunike. Alinieleza kwa upole kwamba siku ile alikuwa hajala tangu mchana wa jana yake. Mama yake alikuwa amelazwa, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kupika. Hakuniambia kwa hasira. Alisema tu, "Mwalimu, ungeniuliza."

Nilimwomba msamaha, naye akanisamehe, tukanywa chai pamoja. Ukumbi ule ni mzuri, kuta zake zimenyooka. Lakini kila ninapoingia humo hukumbuka kwamba mtu aliyezijenga nilimfukuza shuleni kwa ulimi wangu. Mimi nilikuwa na filimbi, wala sikuwa na macho. Ndiyo maana nikisoma habari za yule Mwairishi aliyesimama kando ya njia akitazama na kuuliza, nasikia moyoni kwamba nahukumiwa.

TUFANYE NINI?

Nawaomba mambo matatu.

Kwanza, enyi walimu wa mashule na wa Shule ya Jumapili, viongozi wa vijana na wa kwaya: mtazameni mtoto kabla ya kumpima. Anayechelewa, muulizeni ametoka wapi. Anayesinzia, muulizeni amelala saa ngapi. Dakika moja ya kuuliza yaweza kuokoa miaka ishirini.

Pili, enyi wazazi: msimkabidhi mtoto kwa mtu kwa sababu tu ana gari na jezi za rangi. Ulizeni anaishi vipi. Ulizeni vijana waliopita mikononi mwake wako wapi leo, hata wale ambao hawakushinda. Akisema mtoto aache shule ili afanye mazoezi, mrudisheni mtoto nyumbani. Akimtenga binti yenu mbali na mama yake na kanisa lake, msingoje mwaka.

Tatu, sisi sote tukubali kuwa nyuma. Mle Barcelona mwaka 1992, aliyemaliza wa pili nyuma ya Matthew Birir alikuwa Patrick Sang. Miaka michache baadaye kijana wa jirani huko Nandi alimwendea akamwomba mpango wa mazoezi, naye akamwandikia. Kijana yule alikuwa Eliud Kipchoge, aliyekuja kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Na Faith Kipyegon wa Keringet, tuliyemtaja mwanzo, naye alifundishwa na Sang huyo huyo. Aliyekuwa wa pili akawa mwalimu wa walio wa kwanza. Kama Mungu hakukupa dhahabu, huenda amekupa mtoto wa jirani.

Ndugu msikilizaji, labda wewe nawe ulikwenda mahali kwa muda mfupi. Ulihamishiwa Subukia au Marigat ukasema, "Nitakaa mwaka mmoja, kisha niombe uhamisho." Shule ni ndogo, kanisa ni la mabati, vijana ni kumi na wawili tu. Usiwadharau hao kumi na wawili. Bwana wetu naye alikuwa na hesabu hiyo hiyo.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, umetupa watoto wenye miguu myepesi na akili njema. Utusamehe tulipowavunja kwa maneno yetu. Uwalinde wale walio mikononi mwa watu wabaya usiku huu, uwafungulie mlango wa kutoka. Uwafariji waliofiwa na watoto wao. Uwape walimu wetu macho ya Barnaba, wafurahi waonapo neema yako ndani ya kijana, wala wasione wivu atakapowapita. Nasi sote utujalie kumaliza mwendo tulioandaliwa, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.